Mgongo wa Kifaru

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Nilipokuwa shule ya msingi niliiandika methali hiyo katika insha nyingi, nikatiwa alama nzuri, lakini ukweli ni kwamba sikuijua maana yake. Nilikuja kuijua mwaka jana, siku ya soko, nikiwa nimepiga magoti kwenye matope hapa kwetu Masimba, jiwe mkononi na moyo ukinidunda kama ngoma. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie. Kisa hiki kinahusu gari, lakini hata wewe usiyejua kutofautisha spana na bisibisi utakielewa, kwa maana mwisho wake si habari ya gari.

Baba yangu ana Land Rover fupi ya aina ya Series III. Gari za aina hiyo zilitengenezwa kati ya mwaka wa 1971 na 1985, kwa hivyo hata ile changa kabisa kati yazo inanishinda kwa umri kwa miaka mingi. Watu hucheka wakiiona, lakini kwetu hiyo gari ni kama shamba la pili. Asubuhi hubeba maziwa, siku ya soko hubeba ndizi kupeleka Keroka, na usiku jirani akiugua, mlango unaobishwa ni wetu. Pesa inazoleta ndizo hulipa chakula changu cha mchana hapa shuleni na karo ya dada yangu chuoni. Siku za Jumamosi na za likizo mimi ndiye utingo, au tanboi kama wengi wanavyosema.

Wote tunajua barabara zetu. Lami ikiisha, linaanza jambo lingine. Mvua ya masika ikinyesha, udongo mwekundu wa milima ya Gusii huwa kama sabuni. Malori yanayobeba majani chai huchimba mitaro miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati. Gari dogo likipita hapo, difu, yaani lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli, hukaa juu ya tuta na magurudumu yakabaki yakizunguka bure. Baba alikwama hivyo mara tatu katika mwezi mmoja.

Wakati huo mimi nilikuwa nimepata gazeti kuukuu lenye picha za mashindano ya Rhino Charge. Kwa wasioyajua, mashindano hayo yalianza hapa Kenya mwaka wa 1989 ili kuchanga pesa za kujenga ua wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare, vifaru na misitu vipate kulindwa. Ua huo wa karibu kilomita 400 ulikamilika mwaka wa 2009. Dereva hashindi kwa mbio. Anayeshinda ni yule anayevifikia vituo vyote kwa kupita njia fupi kuliko wenzake, hata kama njia hiyo ni korongo au mlima wa mawe. Basi katika picha hizo niliona magari yameinuliwa juu utadhani yanatembea kwa mironjo. Nikaingiwa na wazimu.

"Baba, tuinue gari yetu," nikamwambia.

"Wewe unaona picha tu," akanijibu. "Hao watu wana mafundi wao na mifuko yao."

Sikunyamaza. Kila alipokwama nilimkumbusha, hata akachoka. Mwishowe tukaenda kwa mzee mmoja fundi ambaye mimi humsaidia wakati wa likizo. Yeye hufanyia kazi chini ya mti, vyombo vyake vikiwa ndani ya debe, na mikono yake imejaa makovu. Baba akamweleza shida yetu. Mzee alizunguka gari mara mbili kisha akasema, "Kuinua ni rahisi. Nitaongeza majani ya springi na kuweka shakeli ndefu, gari itapanda inchi nne. Lakini ukimwinua mnyama, angalia na mgongo wake. Hii propela itataka kurekebishwa pia."

Propela ni ule mti wa chuma unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Katika Land Rover fupi propela ya nyuma ni fupi sana, na kwa sababu hiyo gari likiinuliwa kidogo tu, propela huinama sana. Mzee alitaja bei ya kuirekebisha. Baba akaguna. Hapo ndipo mimi, mtoto wa juzi, nilipomnong'onezea baba maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya: "Huyu mzee anataka pesa tu. Itakaa sawa hiyo."

Baba akanisikiliza. Gari likainuliwa, tukatia na magurudumu makubwa kidogo ya mitumba, nami nikachukua rangi nikaandika jina ubavuni: KIFARU. Mashallah! Siku ya kwanza tulipita penye tuta bila kukwama. Wavulana wa kijijini wakatukimbilia nyuma wakishangilia. Nilivimba kichwa kuliko chura.

Lakini gari lilianza kutetema. Likifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sakafu ilinguruma na kioo cha kuangalia nyuma kikatikisika hata usione kitu. Baba akasema, "Hebu ingia chini ukatie grisi kwenye propela, si wewe umejifunza?" Nikaingia kwa madaha. Nikaifungua propela, nikaivuta vipande viwili vikaachana. Lazima nieleze kwamba propela si mti mmoja. Ni vipande viwili vyenye meno, kimoja kinaingia ndani ya kingine na kuteleza, ili iweze kurefuka na kufupika gari likiruka. Nikapaka grisi, nikarudisha, nikakaza nati. "Imeisha, iko sawa kabisa," nikatangaza.

Jioni hiyo nikiosha gari nilipitisha kitambaa kwenye propela, na tope lilipotoka nikaona mshale mdogo uliogongwa kwenye chuma. Nikafuta upande wa pili, nikaona mshale mwingine. Mishale hiyo haikuelekeana. Nilikuwa nimekumbuka kufunga nati zote ila nilisahau kutia alama kabla ya kuvitenganisha vile vipande. Mzee alikuwa amenifundisha kwa kinywa chake: "Usivute kabla ya kutia alama." Giza lilikuwa linaingia na mvua imeanza kudondoka. Nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake ikawa siku ya soko. Kesho kutwa nikawa na mtihani. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ilibidi niseme na kwa nini sikusema jana. Mtetemo ukazidi. Baba alidhani ni yale magurudumu ya mitumba. Mimi nikanyamaza siku kumi na nne.

Siku ya kumi na tano tulipakia mikungu 22 ya ndizi. Juu yake wakakaa akina mama watatu wachuuzi, jambo ambalo najua halifai, lakini huku kwetu mguu na gari la mizigo ndiyo usafiri. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulifika kwenye mwinuko mmoja mkali, kushoto ukuta wa udongo, kulia shamba la chai linaloteremka hadi kwenye boma la watu. Baba akaingiza gia ya kwanza. Tulipofika katikati ya mlima, nikasikia "kwaa!" chini ya miguu yangu, halafu vishindo kama mtu anayepiga mabati kwa nyundo. Injini ikanguruma lakini gari halikwenda. Likasimama kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma.

Baba akakanyaga breki. Magurudumu yakashika, lakini kwenye lile tope yakaendelea kuteleza polepole kuelekea upande wa chai. Akavuta handibreki. Hakuna kitu! Ikaja yote mkononi kama kamba isiyofungwa popote. Baadaye ndipo nilipoelewa. Katika Land Rover za aina hiyo handibreki haishiki magurudumu yenyewe. Inashika mti unaotoka nyuma ya giaboksi, na mti huo hushika magurudumu kupitia propela. Propela ikikatika, handibreki inashika chuma kisicho na habari na magurudumu.

"Jiwe! Weka jiwe!" baba akapiga kelele.

Nikaruka. Jiwe la kwanza nililotia lilizama kwenye tope kama mandazi kwenye chai. La pili lilikuwa kubwa, sijui nililibebaje. Nikalisukuma chini ya gurudumu la nyuma kwa magoti na viganja, gurudumu likalipanda kidogo, likatulia. Kutoka hapo hadi ukingo wa barabara hapakuwa na hatua tatu. Akina mama walikuwa tayari wameruka. Mmoja wao, mama wa makamo ambaye mwanawe alisoma nami, aliangukia goti na mkungu ukamwangukia mkononi. Alikaa kando ya barabara ameshika kiwiko, hasemi neno. Kule chini bomani watoto wawili walikuwa wakichezea mpira wa makaratasi. Waliinua vichwa wakatutazama, kisha wakaendelea kucheza.

Tulipakua mikungu yote. Baba akabonyeza kile kinobu cha manjano kinachounganisha magurudumu ya mbele, na Kifaru akapanda mlima kwa propela ya mbele peke yake, mtupu, akijikokota. Ndizi zilipandishwa kwa vichwa. Nilibeba mikungu sita, na ningebeba yote kama wangeniruhusu.

Sasa, mpenzi msomaji, kuvunjika kwa chuma hakukuwa jambo baya kuliko yote siku hiyo. Jambo baya lilikuja alasiri, chini ya mti wa mzee fundi. Baba alifika akiwa amekasirika kweli kweli. Akaitupa propela iliyovunjika miguuni pa mzee mbele ya wateja wengine wawili.

"Tazama kazi yako!" akasema. "Umeinua gari yangu, karibu uniulie watu!"

Mzee hakujibu. Aliiokota, akaipangusa kwa kitambaa polepole, akaigeuza. Kidole chake kikasimama kwenye mshale wa kwanza, kikatembea hadi wa pili. Akaniangalia mimi kwa nukta moja tu, halafu akaangalia chini. Alijua. Na nikaona kwamba hatasema. Angekubali kulaumiwa mbele ya wateja wake kuliko kumwaibisha mtoto mbele ya baba yake.

Kinywa changu kilikauka. Nikasema, "Baba, ni mimi. Mimi niliivuta bila alama. Nimejua tangu siku ile."

"Siku gani?"

"Ile ya grisi."

Baba alihesabu kimoyomoyo. Nilimwona akihesabu. "Kwa hivyo akina mama walipopanda leo asubuhi," akauliza polepole, "wewe ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja kofi. Halikuja, na afadhali lingekuja. Baba alimgeukia mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba msamaha mbele ya wale wale wateja. Kisha akaniambia, "Gari tutatengeneza. Wewe nenda kwanza ukamwambie yule mama mwenyewe."

Nilikwenda. Mkono wake ulikuwa umevimba lakini haukuwa umevunjika. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Alinyamaza sana, halafu akasema, "Mwanangu, siku nyingine ukijua kitu, kiseme kabla sijapanda." Hakuongeza neno. Akanipa uji.

Wiki iliyofuata niliamua kuelewa jambo lenyewe badala ya kuomba radhi tu. Mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza kwamba kiungo kilicho kila mwisho wa propela, ile krosi yenye umbo la msalaba, kwa lugha nyingi kimepewa jina la Mwitaliano Gerolamo Cardano aliyeishi kati ya 1501 na 1576. Waingereza nao hukiita kwa jina la Robert Hooke, aliyeishi kati ya 1635 na 1703. Ndiyo, ni yule yule Hooke wa springi tuliyemsoma kidato cha pili! Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimecheza na springi za Hooke nikaharibu kiungo cha Hooke.

Siri ya kiungo hicho ni kwamba kikikunjwa huchechemea. Upande mmoja ukizunguka kwa mwendo sawa, upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo kuchechemea kunavyozidi. Ndiyo sababu propela ina viungo viwili, kimoja kila upande. Cha pili huchechemea kinyume cha kile cha kwanza, na mwendo ukatoka sawa. Lakini kuna masharti mawili: pembe za viungo viwili ziwe sawa, na vichwa viwili vya propela vielekeane. Mishale ile miwili ndiyo kazi yake.

Nilichukua protrakta kutoka kwenye kikopo changu cha vifaa vya hesabati, nikafunga uzi wenye nati mwishoni ili uning'inie wima, nikaenda kwa mzee kupima. Mti wa giaboksi ulikuwa umeinama digrii 2. Propela yenyewe ilikuwa imeinama digrii 18. Pua ya difu, ambayo ingepaswa kuwa digrii 2 kama giaboksi, ilikuwa digrii 7, kwa sababu shakeli ndefu zilishusha springi upande wa nyuma na kuipindua ekseli. Piga hesabu: kiungo cha mbele 18 kutoa 2, ni digrii 16. Cha nyuma 18 kutoa 7, ni 11. Havikuwa sawa hata kidogo. Nikafungua jedwali la kosaini. Kosaini ya 16 ni 0.961. Maana yake, giaboksi ikizungusha mara 1,000 kwa dakika, propela ilikuwa ikienda kwa mwendo wa 961, kisha 1,040, kisha 961 tena, huku kiungo cha pili kikishindwa kusawazisha. Na mimi juu ya hayo nikavuruga mishale! Chuma gani kingevumilia?

Mzee alitazama tarakimu zangu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali lililonimaliza kabisa. "Kijana, mlitaka gari iinuliwe kwa nini?"

"Difu isikwame kwenye tuta."

"Basi pima. Springi huinua mwili. Difu imeshikwa na ekseli, na ekseli imeshikwa na magurudumu. Difu haikupanda kwa springi hata unywele mmoja. Magurudumu makubwa ndiyo yaliyoiinua."

Nilipima, na ilikuwa kweli. Zile inchi nne tulizojivunia hazikuwa zimetuvusha tuta lolote.

Tulitoa shakeli ndefu tukarudisha zile za zamani, tukayaacha majani ya springi tuliyoongeza. Gari likashuka inchi mbili. Pua ya difu ikarudi digrii 2, propela ikawa digrii 13, na viungo vyote viwili vikawa digrii 11. Propela mpya tuliitengenezea Kisii mjini. Ina bomba nene zaidi na imerefushwa kidogo, ili meno yashikane vya kutosha gari likining'inia, na krosi zake zina chuchu za kutilia grisi. Pesa zilitoka kwenye mauzo ya ndizi za wiki nyingi, na muhula huo nilikula githeri ya kubeba kutoka nyumbani. Sikulalamika. Siku ya kuifunga, mzee alinipa vipande viwili na chokaa. "Tia alama," akasema. Nikatia. Mishale ikaelekeana kama watu wanaosalimiana.

Kifaru hatetemi tena. Tuta bado anavuka. Handibreki baba huijaribu kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kupanda, nami kila Jumamosi huingia chini na kitambaa, nikaipangusa propela hadi mishale ionekane.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunapenda kupanda juu, na si vibaya. Lakini kuna mgongo unaotuunganisha na wale wanaotutegemea, na ukipinda hauonekani kutoka barabarani. Anayeujua ni yule aliyeingia chini. Na ikiwa wewe ndiwe uliyeingia chini ukaona mishale haielekeani, usingoje kesho. Sema leo, kabla mama wa watu hajapanda.